Jua la Misri linasomwa usiku

*"Mwalimu, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume amemaliza kidato cha sita na anasubiri kwenda chuo. Tangu mwezi uliopita kila alfajiri anapanda juu ya paa na kulikodolea macho jua linapochomoza. Alianza na dakika moja, sasa anafika kumi na tano. Anasema ndivyo Wamisri wa kale walivyosali, na kwamba mfalme wao Akhenaten ndiye wa kwanza duniani kumjua Mungu mmoja. Anasema pia 'Amina' tunayoitikia kanisani ni jina la Amun, Yesu ni Horus aliyebadilishwa jina, na Ruwa wa babu zetu Wachagga ni Ra huyo huyo. Mama ameshtuka, anataka kumpeleka kwenye maombi. Nikijaribu kusoma mwenyewe nakutana na majina mengi: Ra, Atum, Khepri, Horus, Aten, Amun. Hawa watu walikuwa na majua mangapi? Na kweli waliabudu jua?"*

Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni mengi na nitayapitia, ila moja halihusu historia hata kidogo na ndilo la haraka, kwa hiyo naanza nalo: huyo kijana ashuke kwenye paa.

Mimi nafundisha historia ya kale, si daktari wa macho, lakini katika hili madaktari wa macho hawana mabishano. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, retina, na utando huo hauna neva za maumivu. Mtu akilikodolea jua, lenzi ya jicho inakusanya ule mwanga na kuutupa mahali padogo katikati ya utando, pale pale tunapopatumia kusomea na kutambulia nyuso za watu. Panaumia na mwenyewe hasikii kitu. Dalili hujitokeza saa kadhaa baadaye au kesho yake: doa la kijivu au jeusi katikati ya anachokitazama, fremu ya dirisha iliyonyooka kuonekana imepinda, herufi za katikati ya neno kupotea, rangi kufifia. Akikuambia ana hata moja kati ya hizo, mpelekeni kwa daktari wa macho wiki hii hii, na nasema daktari, si duka la miwani. Hata akidai haoni tatizo, baada ya mwezi mzima wa mchezo huu ningependa apimwe. Hakuna dawa ya uhakika ya kuponya jeraha hilo. Wengi hupata nafuu polepole kwa miezi kadhaa, wengine hubaki na doa maisha yote. Na asikwambie kwamba jua la asubuhi ni pole. Ni pole kwa ngozi. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima, na baada ya dakika kumi na tano si lile uliloanza nalo.

Haya, twende Misri.

Mdogo wako hajabuni kila kitu. Kuna utenzi maarufu wa Aten, yaani duara la jua, uliochongwa katika kaburi la Ay, ofisa wa Akhenaten, huko Amarna, mji wa mfalme huyo, karne ya 14 KK, na ndani yake yamo maneno kwamba macho huutazama uzuri wake mpaka anapotua. Nadhani hapo ndipo walimu wake wa mtandaoni walipochota. Lakini wamekata maneno njiani. Yanayofuata yanasema kazi zote huwekwa chini jua linapozama magharibi. Utenzi unamzungumzia mtu yeyote anayeona na kufanya kazi kwa sababu kuna mwanga, kisha giza likiingia anaweka jembe chini. Hakuna zoezi la macho humo. Picha za Wamisri wakilisifu jua ni nyingi mno, na mkao ni ule ule: mtu amesimama au amepiga magoti, viganja viwili vimeinuliwa mbele ya uso kumwelekea anayesifiwa. Ibada yenyewe ilikuwa maneno, ubani, mkate, bia, nyama na maua. Ya kuongeza dakika kila siku kama anayefanya mazoezi ya kunyanyua vyuma, hayamo.

Maneno "kumwona Ra" yapo kweli, na kuna mtu mmoja aliyetuachia maelezo ya alichokifanya siku alipomwona. Anaitwa Piye, mfalme wa Kushi, ambaye mji wake Napata ulikuwa katika Sudan ya leo. Karibu mwaka 730 KK alishuka na jeshi akaiteka Misri, na baada ya kuuchukua mji wa Memphis alikwenda Iunu, mji mkuu wa ibada ya jua. Jiwe alilolichonga kuelezea vita vyake liligunduliwa Jebel Barkal mwaka 1862 na sasa liko Cairo. Humo anasimulia kwamba alitakaswa, akanawa uso katika maji ambayo Ra mwenyewe hunawia, akatoa sadaka juu ya kilima cha mchanga kuelekea jua linalochomoza: ng'ombe weupe, maziwa, manemane, ubani. Baada ya hapo akapanda ngazi za hekalu peke yake, akavunja lakiri, akafungua milango, akamwona baba yake Ra, pamoja na mashua ya asubuhi na mashua ya jioni anazosafiria. Kisha akafunga, akapaka udongo, akaugonga muhuri wake mwenyewe, akawaagiza makuhani kwamba mfalme mwingine asiingie humo. Kumwona Ra kulikuwa kufunguliwa mlango wa chumba kilichofungwa, jambo la mtu mmoja, mara moja, baada ya kutakaswa. Kijana wako akitaka Mwafrika aliyeliheshimu jua, Piye ni mfano mzuri kuliko wengi wanaotajwa mtandaoni, na hata yeye aliingia ndani.

Huo mji wa Iunu ninyi mnaujua bila kujua kwamba mnaujua. Wagiriki waliuita Heliopolis, mji wa jua, na Biblia inauita Oni. Yusufu aliozwa Asenathi, binti Potifera, kuhani wa Oni, na hilo jina Potifera ni la Kimisri, maana yake "aliyetolewa na Ra". Leo mahali hapo pamemezwa na mitaa ya Cairo, Matariya na Ain Shams. Yaliyobaki juu ya ardhi ni machache, ila mnara mmoja wa jiwe jekundu wa mfalme Senusret wa Kwanza, wenye urefu wa mita 20 hivi, bado umesimama pale ulipowekwa karibu miaka 3,900 iliyopita.

Kuhusu idadi ya majua, jibu fupi ni moja. Neno *Ra* ni neno la kawaida la Kimisri lenye maana ya jua. Mwishoni lina ile sauti ya ayn ambayo waliopita madrasa wanaijua na sisi wengine tunaimeza. Mmisri akisema Ra alikuwa anasema Jua, kama jina. Mengine ni majina ya hali zake. Katika hadithi moja iliyohifadhiwa kwenye mafunjo, ile karatasi yao ya matete, yaliyoko Turin, Italia, mungu jike Isis anamtega Ra kwa nyoka ili amtajie jina lake la siri, naye Ra, sumu ikimpanda, anaanza kumtajia yale ya hadharani: mimi ni Khepri asubuhi, Ra adhuhuri, Atum jioni. Isis hadanganyiki. Hayo kila mtu anayajua, anataka lile lingine.

Khepri huchorwa kama mdudu mweusi anayebingirisha donge la mavi. Msicheke. Wamisri walimtazama akisukuma donge mbele yake kama jua linavyosukumwa angani, kisha wakaona wadudu wadogo wakitoka ardhini pale donge lilipofukiwa, kana kwamba wamejiumba. Jina lenyewe linatokana na kitenzi cha kuwa, kutokea. Atum ni mzee wa jioni, aliyekamilika. Ra-Horakhty ni Ra pamoja na Horus wa upeo wa macho, mwenye kichwa cha kozi. Aten ni ile duara tunayoiona, mwili wa jua. Amun, ambaye jina lake linamaanisha aliyefichika, alikuwa mungu wa Thebes, na mji wake ulipotawala nchi akaunganishwa na jua, akawa Amun-Ra: aliyefichika na anayeonekana katika jina moja. Kuna litania iliyoandikwa katika makaburi ya wafalme kuanzia karne ya 15 KK inayomwita mungu wa jua kwa namna 75. Sisi tunapoona majina mengi tunahesabu watu wengi. Wao walipoona jambo kubwa waliona jina moja halilitoshi. Hapo ndipo wasomaji wengi hupotea, na ndiyo maana nasema waliabudu jua, ndiyo, lakini swali "jua au mungu?" ni letu. Duara ile ilikuwa mwili wake, au jicho lake, au mashua aliyopanda, ikitegemea ni utenzi gani unasoma, na hawakuona sababu ya kuchagua.

Sasa nikupeleke penyewe, mahali ambapo walimu wa paa hawafiki. Jua la Misri linaeleweka usiku.

Jaribu kufikiri bila elimu ya shule ya msingi. Jua limezama. Limekwenda wapi, na nani kakuahidi kwamba litarudi? Wamisri walikuwa na jibu moja la picha nzuri sana: Nut, mama ambaye mwili wake ni mbingu, hulimeza jua jioni na kulizaa tena asubuhi. Limechorwa katika dari la kaburi la Ramesses wa Sita, duara nyekundu zikipita ndani ya mwili wa mwanamke mrefu aliyejinyoosha. Jibu lingine ni refu zaidi. Linasema Ra huingia chini ya dunia kwa mashua na kusafiri saa kumi na mbili za usiku, kila saa ikiwa na nchi yake, mageti yake na wakazi wake. Kitabu kinachoelezea safari hiyo, Amduat, kimechorwa chote katika kaburi la Thutmose wa Tatu.

Mswahili ana bahati ya kukisoma hiki bila kubadilisha saa. Wamisri waligawa mchana mafungu kumi na mawili na usiku kumi na mawili, wakihesabu toka giza linapoingia. Wazungu wakisoma "saa ya sita ya usiku" lazima wasimame wapige hesabu. Wewe unasoma tu saa sita usiku. Sisemi kwamba tulirithishwa na Misri mkono kwa mkono, mgawanyo huo ulipita kwa watu wengi kabla ya kutufikia. Lakini fuata safari. Saa nne na saa tano mashua imefika katika nchi ya mchanga mtupu, hakuna maji, inageuka kuwa nyoka atemaye moto wa kumulika njia na kukokotwa kwa kamba. Saa sita, usiku wa manane kabisa, Ra anakutana na maiti. Ni mwili wake mwenyewe, na ni mwili wa Osiris, mfalme wa wafu. Hapo wanaungana. Katika kaburi la malkia Nefertari pamechorwa maiti iliyokaushwa na kufungwa vitambaa, yenye kichwa cha kondoo dume na duara la jua juu yake, Isis na dada yake Nephthys wameishika huku na huku, na maandishi yanasema ni Ra apumzikaye ndani ya Osiris, ni Osiris apumzikaye ndani ya Ra. Saa saba anatokea Apep, joka ambaye ameyanywa maji yote ya mkondo ili chombo kikwame. Isis anatumia uganga, wengine wanamfunga joka kwa kamba na kumchoma visu. Saa kumi na mbili mashua inakokotwa ndani ya nyoka mkubwa, inaingilia mkiani na kutokea mdomoni, na waliomo wanaingia wazee wanatoka watoto. Nje kunapambazuka. Khepri.

Ukishaisoma hiyo ndipo unaelewa kwa nini ibada ilikuwa kazi ya kila siku, wala si ya furaha tu. Makuhani walisaidia. Mafunjo mengine, ya karne ya 4 KK, yaliyoko British Museum, yana maelekezo kamili ya kumpindua Apep: unamtengeneza kwa nta, unaandika jina lake, unamtemea mate, unamkanyaga kwa mguu wa kushoto, unamchoma mkuki, unamkata kisu, unamtupa motoni. Kisha unarudia. Nimekuwa nikiwasomea wanafunzi wangu orodha hiyo kwa miaka mingi na kila mwaka kuna anayecheka mguu wa kushoto. Lakini aliyeshiriki alikuwa na uhakika kwamba ana zamu katika kuchomoza kwa jua, na kwamba anayelishukuru saa kumi na mbili asubuhi bila kujua lilikokuwa saa saba usiku anashukuru nusu.

Na jua lenyewe hawakulichukulia kama babu mpole. Hadithi iliyochorwa katika kaburi la Seti wa Kwanza inasema Ra alizeeka, watu wakala njama dhidi yake, akalituma Jicho lake, Hathor, liwaadhibu. Akageuka Sekhmet, simba jike, akaanza kuua, akanogewa. Ra mwenyewe akaingiwa na huruma. Ikapikwa bia mitungi 7,000, ikatiwa udongo mwekundu ifanane na damu, ikamwagwa mashambani usiku. Asubuhi mungu jike akainywa, akalewa, akawasahau watu. Waliolitunga hilo walijua jua la kiangazi huko kusini mwa Misri linavyofanya.

Hapa ndipo Akhenaten anapoingia, na sasa utaona alichokifanya ni kikubwa na cha ajabu kuliko anavyosimuliwa. Alitawala miaka 17, takriban 1353 hadi 1336 KK. Alianza kama Amenhotep wa Nne, karibu mwaka wa tano akabadili jina, akahama na kujenga mji mpya jangwani, Akhetaten, ambao magofu yake tunayaita Amarna. Mahekalu yake hayakuwa na paa, yalijaa mamia ya meza za sadaka zilizoachwa juani. Jina la Amun likafutwa kwa patasi hadi ndani ya jina la baba yake mzazi, Amenhotep wa Tatu, na mahali pengine hata neno "miungu", kwa wingi, likakwanguliwa. Aten akachorwa duara lenye miale inayoishia na viganja.

Je, ndiye wa kwanza kumwabudu Mungu mmoja? Wataalamu wamebishana kwa zaidi ya miaka mia na hawajamaliza. Wanaosema ndiyo wana hoja: utenzi unamwita Aten mungu wa pekee asiye na mfano wake, muumba wa Misri, Syria na Kushi, aliyewapa watu rangi na lugha tofauti. Wanaosema hapana nao wana hoja: tazama picha. Viganja vya Aten vinaipeleka alama ya uhai puani kwa Akhenaten na mkewe Nefertiti, si kwa mtu mwingine. Watu wa kawaida katika nyumba zao waliweka sanamu za familia ya mfalme, wakaomba kupitia kwake. Mimi naegemea upande wa pili. Naona mtu aliyeondoa miungu yote kasoro mmoja, akajiweka yeye mlangoni. Lakini mdogo wako akishikilia upande wa kwanza asikemewe, yuko na wasomi wazito.

Ninachotaka akione ni kile kilichoondolewa. Akhenaten alilitoa usiku. Hakuna safari ya saa kumi na mbili, hakuna Osiris, hakuna joka. Utenzi unasema tu kwamba Aten akitua dunia inakuwa gizani kama kifo, watu wanalala wamejifunika vichwa, simba anatoka tunduni, nyoka wanauma. Mungu hayupo mpaka kesho. Mstari huo wa simba mnaweza kuulinganisha na Zaburi 104, aya ya 20 na 21, inafanana sana; kama kuna uhusiano wa moja kwa moja ni mjadala mwingine, kwa kuwa Amarna ilitelekezwa karne nyingi kabla ya Zaburi kuandikwa, ingawa tenzi nyingine za jua ziliendelea. Katika Zaburi, hata hivyo, simba wananguruma usiku wakimwomba Mungu chakula chao. Yeye yupo. Kwa mama aliyefiwa na mtoto, mungu wa mchana tu ni mgumu. Katika kijiji cha mafundi wa Amarna hiyo hiyo wachimbuaji wameokota hirizi za Bes na Taweret, walinzi wa uzazi na usingizi, kwa hiyo watu hawakutii sana. Na mifupa ya makaburi ya watu wa kawaida inaonyesha wengi walikufa vijana, migongo imeumizwa na mizigo. Kuna hata barua, kati ya zile za udongo zilizofukuliwa Amarna, ambayo mfalme Ashur-uballit wa Ashuru analalamika: kwa nini wajumbe wangu wanasimamishwa juani mpaka wafe? Kama mfalme anapata faida wakisimama humo, basi wasimame wafe, lakini faida iko wapi? Msomee mdogo wako hiyo.

Baada ya kufa kwake mambo yakarudi haraka. Kijana Tutankhaten akawa Tutankhamun, na mawe ya mahekalu ya Aten yakavunjwa kujazia kuta za wengine.

Yaliyobaki ni ya maneno, na hayachukui muda. "Amina" imetoka Kiebrania, mzizi wa herufi tatu wenye maana ya kuwa imara, kutegemeka. Mzizi huo uko pia katika Kiarabu na umejaa kinywani mwako: amini, imani, amana, muumini, uaminifu. Mzizi wa Amun ni wa kuficha. Na walioandika Biblia walimjua Amun vizuri, Yeremia 46:25 inamtaja kwa jina, Amoni wa No, yaani Thebes, ili kumtangazia adhabu. Hawakumchanganya na kiitikio chao. Kufanana kwa sauti hakuthibitishi kitu. Barua za Amarna, kwa mwandiko wa Babeli, zinaliandika jina la Amun "Amana", na hakuna aliyewahi kuweka amana benki kwa ajili yake. Kitenzi cha Kimisri cha kusifu asubuhi, wale waliokuwa wakiinua viganja, tunakisoma *dua*. Dua yetu imetoka Kiarabu, neno lingine kabisa. Mimi mwenyewe nilipokutana nalo mara ya kwanza nilifurahi siku mbili, kisha nikafungua kamusi.

Ruwa ndiyo hivyo hivyo. Ni kweli Wachagga walimwita Mungu kwa neno la jua. Lakini liweke kando ya ndugu zake: Wanyarwanda wanasema *izuba*, Waganda *enjuba*, Wakikuyu *riũa*, nawe ukizungumza Kiswahili unasema *jua*. Ni neno moja la Kibantu lililochakaa kwa namna tofauti, na katika umbo lake la kale halifanani na Ra hata kidogo. Watu wengi waliotazama juu waliona uhusiano wa Mungu na jua. Wairaqw wa Mbulu wanasema Looa, na kwao ni wa kike. Babu zako hawakuhitaji kuazima.

Na wanaosema Yesu ni Horus hudai Horus alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba. Hilo halimo katika maandishi ya Misri. Isis alimpata kwa Osiris mumewe, baada ya kuuunganisha mwili wake uliokatwakatwa, na mahekalu yamechora jambo hilo waziwazi kiasi kwamba siwezi kukuelezea hapa. Kalenda yao ya siku 365 haikuwa na mwaka mrefu, ikateleza siku moja kila miaka minne, kwa hiyo sikukuu ya kalenda hiyo haikuweza kukaa kwenye tarehe moja ya Desemba.

Kuhusu mama: maombi si kosa, na maswali ya imani mchungaji wenu atayajibu vizuri kuliko mimi, ilimradi kijana asihukumiwe kwa kusoma. Mtu wa miaka hiyo akidhihakiwa anapanda paa lingine. Ila kama pia halali, haongei na watu, au anasema jua linamwagiza mambo, basi kabla ya mchungaji na kabla yangu aonane na daktari hospitalini. Hilo si suala la Misri.

Kama ni kiu ya kujua tu, mlishe. Amduat iko mtandaoni kwa picha, kaburi zima, bure. Siku mkiwa na uwezo wa nauli, mnara wa Matariya uko ndani ya jiji. Mwanzo mwema lakini ni nyumbani. Akishatoka kwa daktari wa macho, mkae naye barazani jioni, jua likiwa limeshazama, umuulize saa hii limefika wapi. Akijibu "upande wa pili wa dunia" mwambie hiyo ni jiografia, anajua sana, lakini Mmisri angemuuliza saa ngapi za usiku. Kama hajui, aanzie saa moja.